Kabla ya Kulipia Chumba Pangani, Tazama Mwezi

Tangu turejee kutoka Pangani, pwani ya Tanga, na kuweka picha za watoto wakiwa Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini, wazazi wengi wameniandikia, na karibu wote wanauliza tulilala wapi na kwa shilingi ngapi. Nawajibu kwa ufupi kwamba Pangani mjini na Ushongo, kijiji cha ufukweni jirani na mji, kuna vyumba vya kila mfuko. Jambo ambalo hakuna aliyeliuliza, na ndilo lililoifanya likizo yetu ifane, ni kwamba tarehe ya safari tuliichagua kwa kutazama mwezi.

Sisi tunaishi Moshi. Nilipotangaza katika kundi la ukoo kwamba safari hii hatuendi Zanzibar, shemeji yangu mmoja aliandika kwamba nimeishiwa, ndiyo maana nawapeleka watoto kutazama minazi. Wengine wakacheka. Sikumjibu, lakini maneno yale yaliniuma, na sitaficha kwamba picha nilizozituma baadaye nilizichagua nikimfikiria yeye.

Barabara yenyewe haina simulizi, ukiacha machungwa ya Muheza. Kazi kubwa niliifanya kabla ya kuondoka, nilipompigia simu nahodha mmoja wa Ushongo na kumuuliza siku gani zinafaa kwa watoto. Hakuniuliza lolote kuhusu bajeti yangu, bali aliniambia nije wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa tena alasiri kuanzia saa kumi. Ukienda wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: kupwa huangukia alasiri, upepo ukiwa umeshika, tena maji hayatoki sana.

Maziwe ni eneo tengefu la bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, lakini miti ilitoweka, mchanga ukamomonyoka, na leo ni fungu ambalo hufunikwa maji yanapojaa. Tulifika asubuhi, fungu likiwa jeupe na pana, bahari kimya kwa sababu ulikuwa msimu wa upepo wa kaskazi. Binti yangu alikuta viti vya pweza, wale viumbe wa bahari wenye umbo la nyota, kwenye maji ya magotini, akakaa navyo muda mrefu bila kuvigusa, kama nahodha alivyomwagiza. Kitinda mimba wetu, ambaye nyumbani huogopa hata beseni, alitumbukiza uso wake majini akiwa na miwani ya kuzamia, na alipouinua alikuwa akipiga kelele kuhusu samaki aliowaona kwenye matumbawe. Ningependa shemeji awepo pale. Kisha maji yakageuka, na fungu likaanza kupungua mbele ya macho yetu, hadi mke wangu akawa wa kwanza kupanda boti.

Hapo hakuna mti hata mmoja, kwa hiyo beba mwavuli, maji ya kunywa ya kutosha na nguo za mikono mirefu kwa watoto. Beba pia viatu vya kukanyagia mwambani. Na mwavuli, narudia, kwa sababu najua utausahau.

Alasiri, maji yakiwa yamejaa, tuliupanda Mto Pangani kwa boti kati ya mikoko na minazi. Kwa watoto wa Moshi jambo hili lilikuwa na uzito wake, kwa kuwa mto huo unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, na kufika hapa baada ya kilomita zipatazo 500, ambapo bahari inayojaa huusukumia chumvi yake. Binti aliuliza kama maji ya mfereji wetu yamo humo. Sijui mwalimu gani wa jiografia angempatia swali hilo akiwa darasani. Mzazi anayesafiri hadi pwani kisha akamwacha mtoto kwenye bwawa la kuogelea la hoteli siku nzima amelipia maji ambayo angeyapata Moshi, na wazazi wa namna hiyo, samahani, ndio wanaorudi wakisema kwamba Pangani hakuna kitu.

Mjini tulipita asubuhi moja tu. Waonyesheni watoto majumba ya kale, na waambieni kwamba Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapo mwaka 1889.

Kuhusu msimu, likizo ya Desemba ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa mwezi Juni upepo wa kusi huwa umeshika na safari ya Maziwe huweza kuahirishwa siku baada ya siku. Hata hivyo Juni ina zawadi yake: mayai ya kasa yanayotagwa Maziwe huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasifunikwe na maji, na baada ya takriban miezi miwili huanguliwa, wageni wakaruhusiwa kutazama vitoto vikielekea baharini. Vyovyote utakavyochagua, zungumza na nahodha kabla ya kulipia chumba, kwa sababu saa ya kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, na hakuna tangazo la hoteli nililoliona ambalo limeandika hilo.