Kupiga picha za jua likichomoza Tanga: tafuta wenzako, na mfike bado giza

Mkuu uliyeuliza kama uje Tanga kupiga picha za mapambazuko peke yako au utafute watu wa kwenda nao, mi nakwambia tafuta watu, na sababu yangu wala sio usalama kama wengi walivyojibu. Peke yako hutaamka. Nilijaribu karibu mwaka mzima, naweka alamu saa kumi na nusu naizima, nafika ufukweni Raskazone saa moja kasoro jua lishakuwa kali jeupe, narudi na picha ambazo hazina kitu. Tangu tuwe watu saba kwenye grupu la WhatsApp mambo yamebadilika kabisa, maana mmoja akiandika tu "nimeshatoka" unaona aibu kuendelea kulala, na Tanga yetu hii ni ya baiskeli kwahiyo mnaongozana gizani, wawili wanaunga moja kwa moja kutoka swala ya alfajiri na kanzu zao.

Nasisitiza mapema kwa sababu tuko karibu na ikweta, nyuzi 5 tu kusini, jua linapanda wima. Likianza kuchungulia baharini, dakika mbili tu duara zima lishatoka. Zile rangi, zambarau na waridi na chungwa, zinakuja kwenye zile dakika 20 na kitu za kabla yake, kwahiyo ukifika jua linatoka umekuta watu wanakunja stendi zao za kamera. Novemba mwanzoni linatoka karibu saa 12 kamili, Julai linachelewa mpaka kama saa 12 na nusu, hesabu nusu saa nyuma ya hapo uwe umeshasimama.

Mahali inategemea mwezi. Juni na Julai jua linatokea kaskazini mashariki, hapo Bustani ya Jamhuri inatosha, una ghuba yote mbele na kisiwa cha Toten na mwanga unakatiza juu ya maji. Desemba limehamia kusini, ukisimama palepale linatokea nchi kavu, sisi tunahamia Raskazone. Na kama unaweza chagua siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yanakuwa yamejaa kama saa kumi alfajiri, jua likija yanakupwa na ufukwe umebaki umelowa, mbingu yote unaiona chini miguuni. Picha yangu ninayoipenda kuliko zote ni ya siku kama hiyo, mvuvi anavuta ngalawa yake, na nilimuomba kwanza, waombeni jamani, wale wako kazini. Bandarini usielekeze kamera bila kibali, mwenzetu mmoja alisimamishwa na mlinzi pale na asubuhi yake ikaishia hapo.

Kitu kingine kilichoniuma, usilale na kamera kwenye chumba chenye AC halafu uitoe ghafla nje kwenye joto la bahari. Lenzi inajaa ukungu, unafuta unarudi, unafuta unarudi, siku hiyo nilipoteza mapambazuko yote. Siku hizi begi nalilaza sebuleni. Wa simu nao wasijione wanyonge, gusa pale penye mwanga halafu ushushe mwanga kwa kidole mpaka rangi zirudi, inatosha kabisa.

Ila faida kubwa ya kwenda na wenzio ni macho yao. Kuna mzee tunaye kwenye grupu, sote tunamwita babu, siku moja tumejipanga wote tunatazama baharini akanishika bega akasema, "Mjukuu wangu, jua umelipiga picha mia, mji wako hujaupiga hata moja." Nikageuka. Kuta za yale majengo ya zamani zimeiva rangi ya waridi, madirisha yanawaka, mtu wa baiskeli anapita na tenga la mikate. Ikadumu kama dakika tatu hivi. Toka siku hiyo nusu ya picha zangu nimelipa jua mgongo.

Tukimaliza tunaenda Ngamiani kunywa chai na mihogo, simu na kamera zinazunguka mezani kila mtu aone mwenzie aliona nini, na unashangaa mlisimama sehemu moja ila hakuna picha mbili zinazofanana. Ukija njoo na kitambaa kikavu cha lenzi na tochi ndogo, stendi usihangaike, ninazo mbili.