Wiki mbili zilivyomeza miaka yangu mitatu

Kuna kazi niliifanya miaka mitatu, na baada ya kuacha, kila mtu akiniuliza pakoje pale nilikuwa namwambia usithubutu, pale ni mateso matupu, na nilikuwa naamini hivyo kutoka moyoni kabisa. Siku moja mdogo wangu akanisikia namkataza rafiki yangu asiombe nafasi pale. Hakusema kitu. Usiku akanitumia WhatsApp sauti kama ishirini, zile nilizokuwa namrekodia mwenyewe kila nikitoka kazini, kumbe hajawahi kuzifuta, akaandika tu, "Dada, sikiliza hizi kwanza."

Nikakaa kitandani nikasikiliza zote. Kwenye moja nacheka mpaka nashindwa kumaliza sentensi, namsimulia jinsi tulivyobaki wanne ofisini usiku kumalizia ripoti, printa ikagoma, tukaanza kunakili namba kwa mkono huku mmoja wetu anazisoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Usiku ule ulikuwa umenitoka kichwani kabisa, yaani hata nilipojisikia nausimulia bado haukurudi. Nyingine nyingi ni siku za kawaida tu, nimechoka, foleni ndefu, leo bosi kanisifia. Zilizokuwa mbaya kweli ni za wiki mbili za mwisho, zilizoishia kwa kugombana na bosi mbele za watu, nikaondoka siku hiyohiyo hata wenzangu sikuwaaga.

Hapo ndo nikaanza kusoma haya mambo ya jinsi kumbukumbu inavyotudanganya, na kilichonishika zaidi ni jaribio la Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002. Yeye na wenzake walilichapisha 1993. Watu waliwekwa mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, basi. Kisha mkono mwingine nao sekunde 60 kwenye baridi ileile, ila hapo wakaongezewa sekunde 30 maji yakiwa yanapanda polepole mpaka nyuzi 15, bado yanauma ila afadhali kidogo (mpangilio walibadilishiwa, wengine walianza na lile refu). Walipoulizwa lipi wako tayari kulirudia, 22 kati ya 32 wakachagua lile refu! Maumivu yaleyale na mengine juu yake, lakini kwa sababu lilimalizika kwa nafuu, kichwani likabaki kama jepesi. Baadaye, 1996, Kahneman na daktari Donald Redelmeier wakaona kitu kama hicho kwa wagonjwa waliokuwa wanapimwa utumbo mkubwa, kuna aliyetumia dakika 4 na kuna aliyepita saa nzima, na urefu wa kipimo haukuwa na uzito kwenye kumbukumbu zao, uzito ulikuwa kwenye pale palipouma zaidi na jinsi kilivyoisha.

Sasa rudi kwenye kazi yangu. Sehemu iliyouma kuliko zote na mwisho wenyewe vilikutana siku moja, ugomvi ule. Akili ikachukua siku hiyo ikaipaka miaka yote mitatu.

Na maneno nayo yana kazi yake. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yakigongana, kisha wakawauliza magari yalikuwa kwenye mwendo gani, ila kila kundi kwa neno lake. Waliotajiwa neno lenye kishindo, kwamba magari yalipondana, walikadiria mwendo karibu maili 41 kwa saa, waliotajiwa yaligongana tu wakasema kama 34. Katika jaribio la pili, wanafunzi wengine, wiki moja baada ya kuona filamu, wakaulizwa kama waliona vioo vimevunjika, na 16 kati ya 50 wa lile neno zito wakasema ndiyo, wale wa neno la kawaida 7 kati ya 50, na vioo havikuwepo. Nilipofika hapo nikakumbuka ni mara ngapi nimesema "mateso", kila nikilitamka nilikuwa najiwekea vioo vilivyovunjika.

Inatokea na upande wa pili, na huu nauogopa zaidi. Kwa watu wengi hisia za mambo mabaya hufifia haraka kuliko za mazuri, ni neema kwa kweli, bila hiyo tungeishije, lakini ndo maana unaachana na mtu aliyekuumiza, mwaka unapita, unaanza kumkumbuka anacheka tu. Mimi nilishaandika meseji ya kumrudia mtu, ndefu, imebaki kutuma, nikafungua daftari langu la kipindi kile nikakuta nimeandika, "leo tena sijalala, kazima simu tangu jana." Nikafuta ile meseji.

Kwa hiyo ushauri wangu, andika mistari mitatu kila jioni, au rekodi sauti kama kuandika huwezi, na usiandike siku ilikuwa nzuri au mbaya, andika kilichotokea, nani kasema nini, ulilala saa ngapi. Ukitaka kuamua jambo zito kuhusu mtu au kazi, fungua kurasa za katikati, za mwisho unazikumbuka tayari. Na ukiondoka mahali, aga watu vizuri, jitengee hata siku moja ya kuaga, mimi hiyo ndo nayoijutia mpaka leo.

Ila naomba unielewe hapa. Sijasema kila anayekumbuka maumivu anakosea. Ukifungua daftari ukakuta wiki ya tatu unalia, ya kumi unalia, ya thelathini unalia, basi ulivyokumbuka ndivyo ilivyokuwa, usimruhusu mtu akuambie unakuza mambo. Na wewe usimwambie mwenzio hivyo, daftari ni la mwenyewe.

Yule rafiki yangu nilimpigia kesho yake asubuhi. Nikamwambia bosi ana hasira za ghafla na huwa haombi radhi, mwisho wa mwezi mtatoka usiku, wenzako watakushika mkono, na kazi yenyewe utajifunza sana. Akaniuliza, mbona juzi ulisema mateso? Nikamtumia ile sauti ya printa.