Mkanda wa kinu si mkanda wa kutobolea nyasi

Wadogo zangu, juzi nimemkuta mmoja wenu anasugua sabuni ya kipande kwenye mkanda wa mashine ya kutoboa matundu kwenye nyasi za uwanja, eti unapiga kelele. Kelele ikakata kweli. Alipoingia uwanjani meno hayakuzunguka, na harufu ya mpira ulioungua ikafika mpaka stoo. Tuelewane basi.

1. Chomoa waya wa plagi ya injini kabla hujafungua kava. Sirudii.

2. Mkanda wa V hushika puli, yaani gurudumu lenye mfereji, kwa mbavu, si kwa tumbo. Mbavu ziking'aa, unateleza. Tumbo likigusa sakafu ya mfereji, puli imelika au mkanda umekwisha, na hapo kukaza ni kujidanganya. Mkanda mpya hurefuka. Ukaguliwe tena baada ya saa chache za kazi.

3. Nunueni mkanda kwa namba ya spea ya mashine yenyewe. Hapa nina kidonda.

Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza, udongo umelainika, na mkanda ukakatika. Spea ilibidi isubiriwe kutoka Dar. Sasa Mwanza hii, mikanda ya mashine za kusaga unakosaje? Muuzaji akaulaza wa zamani juu ya mpya: upana uleule, urefu uleule. "Kaka, si ni kitu kimoja?" Nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali.

Mkanda wa kinu umeundwa kukaa umekazwa tangu asubuhi hadi jioni. Wa kwetu ndiyo klachi yenyewe: ukibana hendeli, puli ya kukazia inausukuma, ukiachia, unalegea na kuiacha puli ya injini izunguke peke yake. Ndiyo maana huvikwa kitambaa kinachokubali kuteleza, na nyuzi za ndani mara nyingi ni za aramidi, nyuzi imara za kiwandani zinazohimili joto. Niliofunga mimi ulikuwa mpira mtupu ubavuni.

Nikatoboa mstari wa kwanza vizuri, nikamringishia hata mlinzi. Kufika pembeni nikaachia hendeli ili nigeuze, meno yakaendelea na safari. Ikanivuta, ikavuka chaki, ikapanda juu ya bomba la kumwagilia na kulitoboa kwa mpangilio mzuri ambao sikuwahi kuupata kwenye nyasi. Maji yakaruka hadi benchi la wachezaji wa akiba. Mpaka naifikia swichi ya injini nimelowa chapachapa, na mlinzi ananiuliza kwa heshima zote kama ndivyo inavyotakiwa kufanya kazi. Bomba lilikatwa kwenye mshahara wangu.

4. Msioshe beringi kwa maji ya presha. Maji yanapita sili, ile mipira ya kuziba beringi, grisi inatoka, kutu inaingia. Futeni kwa brashi, hasa ndani ya mifereji ya puli, maana mchanga wa mawe yetu haya ni msasa. Na kiangazi mwagilieni siku moja kabla ya kutoboa. Udongo mkavu unaumiza mkanda, meno na mgongo wako.

5. Meno yakifupika, badilisheni seti nzima. Yaliyochanganywa yanatoboa kina tofauti na mashine inaruka.

Ile bisibisi ndefu iliyotumika jana kuulazimisha mkanda upande puli nimeifungia. Nyuzi za ndani zinakatika hapohapo na kwa nje huoni kitu. Mwenye nayo aje aniambie ni boliti zipi zinalegezwa kwanza, nitamrudishia.