Kitu Kiko Uyole, Wewe Unakitafuta Kwenye Simu

Maswali ya mwezi huu mengi yanatoka kwa vijana wanaochora michoro ya kiufundi kwa kujitegemea huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Tukuyu. Mengi ni ndugu wa tumbo moja. Nimechukua haya.

Shikamoo. Nina kompyuta na napenda sana kuchora. Nataka nichore michoro ya mashine, nijiajiri. Nianze na programu ipi? — Mdogo wako, Mafinga

Marahaba. Inkscape, hailipiwi. Lakini swali hili linakuja kila mwezi, na kila mwezi anayeuliza hasemi amewahi kufungua mashine gani. Programu utaizoea ndani ya wiki chache. Kujua kwa nini beringi imekaa pale ilipokaa kutakuchukua miaka, na ndicho utakacholipwa. Anzia karakana, omba ukae pembeni na daftari.

Karakana moja imeniomba michoro 14 ya mwongozo wa mashine ya kupukuchua mahindi. Wanasema picha za mashine kama hiyo zimejaa mtandaoni, nifuatishe tu, kwa hiyo bei iwe ndogo. Nitoze kiasi gani? — Fundi mchoraji, Makambako

Kaka, kabla ya bei: usifuatishe.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilifanya hicho unachoambiwa ukifanye. Nilichukua mchoro wa mashine ya nje iliyofanana na ile ya mteja, nikaufuatisha kwa usiku mmoja, nikajisifu kwa mistari safi. Kwenye picha, bolti ya kukazia mkanda ilikuwa kulia. Kwenye mashine yenyewe fundi alikuwa ameihamishia kushoto, kwa sababu injini ya dizeli aliyoipata puli yake ilitokea upande huo. Zilichapwa nakala 300. Mama mmoja kule Mbozi alifuata mchoro wangu, akalegeza nati ya kulia, kumbe ile ndiyo inayoshikilia beringi. Shafti ikapinda, chekeche likachanika, na mahindi yake yakakaa nje siku nne wakati mawingu yameshafunga. Nilikwenda kumwona. Alinionyesha karatasi yangu, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, akaniambia, "Mwanangu, nilifanya kama ulivyoandika." Sijafuatisha mchoro wa mashine tangu siku ile.

Sasa bei. Hesabu siku, usihesabu michoro. Siku mbili za kupima mashine ikiwa imefunguliwa, ukiwa na kalipa, futi na fundi aliyeiunda. Michoro 14, nusu siku kila mmoja, ni siku saba. Marekebisho siku mbili. Jumla siku 11. Tuseme siku yako moja ni shilingi 60,000, hiyo ni 660,000, na nauli ni juu ya mteja. Chukua nusu kabla ya kushika penseli. Andika kwamba marekebisho ni mara mbili, na ya tatu yanalipiwa. Wakikata siku za kupima, wape mchoro wa kava tu, wa nje, usioelekeza mtu mahali pa kutia spana.

Na kitu hukuuliza: majina ya vipande yaandike kama fundi anavyoyatamka. Akisema "puli," andika puli. Nimeona mwongozo ulioandika "kapi endeshi" na hakuna mtu Mwanjelwa nzima aliyejua ni nini kinatajwa.

Nachora magurudumu na puli kwa isometriki (mchoro unaoonyesha pande tatu za kitu kwa pamoja) lakini yanaonekana yamelala au yamepinda. Nimerudia mara nyingi. Nakosea wapi? — Mwanafunzi, Iringa mjini

Kamwene, mwanangu. Hili ni swali la mtu anayefanya kazi, nalijibu kwa furaha.

Duara likitazamwa kwa pembeni linakuwa duaradufu, na duaradufu ina kipenyo kirefu na kipenyo kifupi. Siri yote iko kwenye kile kifupi: lazima kilale juu ya mstari wa shafti. Chora shafti kwanza. Katika isometriki, shafti iliyolala inapanda kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa chini. Kipenyo kifupi cha gurudumu kifuate mstari huohuo, na kipenyo kirefu kiukate kwa nyuzi 90, maana yake kiegemee upande wa pili kwa nyuzi 60. Wewe, nakisia, unasimamisha kipenyo kirefu wima kwa sababu gurudumu "limesimama." Hapo ndipo linapolala.

Uwiano: kirefu kikiwa milimita 100, kifupi ni kama milimita 58. Usikadirie kwa jicho mpaka jicho lizoee.

Lakini usiniamini mimi. Chukua kifuniko cha ndoo, kitoboe katikati, pitisha kijiti. Kishike mbele ya uso wako, fumba jicho moja, kizungushe kila upande. Utaona kijiti hakiachi kukaa juu ya ule upana mdogo. Ukishaona mara moja hutasahau, na hutahitaji tena kuuliza mtu.

Michoro yangu kwenye kioo cha kompyuta inapendeza, ina vivuli vya kijivu laini, lakini wakulima wanasema hawaoni kitu. — Dada wa Vwawa

Kwa sababu wanachopata ni kopi ya kopi. Faili lako litachapwa mara moja, bwana shamba atatoa kopi stesheneri, kijiji kitatoa kopi ya ile kopi. Kijivu kinageuka doa jeusi au kinapotea. Ondoa vivuli vyote. Mstari wa nje wa kitu uwe mnene, milimita 0.7, wa ndani 0.35, na chini ya 0.25 usishuke kabisa. Kisha peleka mchoro wako kwenye mashine mbovu kuliko zote mtaani, toa kopi mara tatu mfululizo, uangalie kilichobaki. Kilichobaki ndicho ulichochora.

Je, akili mnemba itatuondoa kazini? — Wengi, akiwemo mmoja wa Njombe aliyeuliza mara tatu

Aliyekuwa anakopi picha itamwondoa, kwa sababu inakopi haraka kuliko yeye.

Mfano wa karibu. Juzi nililetewa kipeperushi cha kuchuma parachichi, picha imetengenezwa na programu hiyo. Mkono mzuri, tunda linang'aa, mkasi upo. Lakini mkasi umewekwa pale tunda linapoungana na kikonyo, na picha ya pili inaonyesha tunda halina kikonyo kabisa. Mkulima yeyote wa Rungwe anayeuza parachichi aina ya Hass anajua kwamba unakata ukiacha kikonyo kifupi. Ukilinyofoa, linabaki na kidonda, na uozo unaingilia hapohapo. Kile kipeperushi kingefundisha watu kuharibu matunda yao wenyewe, kwa rangi nzuri. Programu haikusimama chini ya mti, na aliyeituma naye hakusimama. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mti upo, hatua chache kutoka ofisini kwake.

Nilichora mchoro wa pampu kwa ajili ya kitabu cha mafunzo. Sasa naukuta kwenye bango na kwenye fulana za mteja yuleyule. Nikimwuliza anasema alishanilipa. Na je, ni kweli alikuwa na haki ya kukata pesa yangu akasema ni kodi? — Mchoraji, Mbeya mjini

Ni maswali mawili, na yote yananipandisha hasira kwa niaba yako.

La kwanza: mkataba wako ulisemaje? Najua jibu. Hukuwa na mkataba, mlielewana kwa simu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na mchoro ni miongoni mwa kazi inazozilinda, kwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kufa. Wanao watairithi kama wanavyorithi shamba. Lakini ukikaa mbele ya mtu kudai, utaulizwa ulichouza ni nini. Kwa hiyo kuanzia leo, kila kazi iwe na karatasi moja yenye sentensi hizi: mchoro huu ni kwa ajili ya kitabu hiki, kwa nakala kadhaa, matumizi mengine yajadiliwe na kulipiwa upya. Wote wawili mtie sahihi. Faili la asili baki nalo, mpe la kuchapia. Kwa hili la sasa, mwandikie barua ya heshima ukiambatisha ankara ya bango na fulana, na uende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize namna ya kusajili kazi zako. Usianze kwa kumtukana mitandaoni. Utapoteza na yule wa pili ambaye angekuajiri.

La pili: ndiyo, ikiwa ni kampuni au taasisi, hukata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Kwenye 660,000 ni shilingi 33,000. Hiyo si pesa yake, aliikata kwa niaba ya TRA, na lazima akupe cheti kinachoonyesha kimekatwa kiasi gani, ili kihesabiwe kwenye kodi yako ya mwaka. Asipokupa cheti, dai. Ndugu zangu, nawaomba: pateni TIN, tunzeni vyeti. Wachoraji wazuri wanalipa mara mbili kwa sababu ya aibu ya kuuliza karatasi.

Mwanangu wa kidato cha kwanza anachora kutwa. Baba yake anataka nimkataze. — Mama, Uyole

Usimkataze, mama. Mwambieni tu achore na vitu vyenye vipimo. Shule za ufundi tunazo jirani, Iyunga hapa Mbeya na Ifunda kule Iringa. Baba akiona kijana anachora kiungo cha bomba kinachoweza kutengenezwa, maneno yatapungua.

Nalipa kodi ya nyumba kwa michoro ya mashine, lakini ninachotamani ni kuchora maua ya Hifadhi ya Kitulo, kitabu changu mwenyewe. Sipati muda, na nikipata nakuta nachora kutoka kwenye picha. Nifanyeje? — Mdogo wako wa kike, Makete

Mdogo wangu, wewe uko Makete! Watu wanapanda ndege kuja kuona kilicho nyuma ya nyumba yenu.

Nikusimulie kuhusu kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua nyani yule wa msitu wa Mlima Rungwe na kumpa jina. Wanasayansi walimwona 2003, wakamtangaza 2005, kwa kutegemea zaidi picha za kamera, na kutokana na picha wakamweka kwenye kundi moja la nyani wengine wa miti. Kisha mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima shambani kwa mahindi. Walipompima mwili wenyewe wakaona hafanani na lile kundi kiasi cha kukaa ndani yake, na 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Picha zilikuwa nzuri. Hazikutosha.

Basi na ua ni hivyohivyo. Kitulo ina aina 45 hivi za okidi, usianze na zote. Ua moja kwa mwezi. Msimu ni kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati wa mvua, kwa hiyo beba penseli, wino haukauki kwenye ukungu ule. Pima kwa kalipa ileile unayopimia beringi. Chora kwa ukubwa wake halisi. Andika tarehe na rangi kwa maneno pale pale, kwa sababu ua la Kniphofia unaloliona jekundu juu limeshageuka njano chini, linafunguka kuanzia chini kwenda juu, na wiki ijayo litakuwa ua jingine. Lipa kiingilio cha hifadhi, usichume hata jani. Ukitaka kulifungua ua uone ndani, tafuta lililoota kwenye mpaka wa shamba la mtu, umwombe mwenyewe.

Na tafadhali, nakusihi kwa moyo wote: usiandike mahali kamili ulipoiona okidi. Viazi vyake vinachimbwa kwa magunia na kuvushwa hadi Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Mchoro wako mzuri wenye jina la bonde ni ramani ya mchimbaji.

Muda utoe kwenye kazi za kulipwa zisizokulipa. Unayo, kila mchoraji anayo, yule mteja wa marekebisho ya tano. Mwache, Jumamosi yake iwe ya Kitulo. Na usikimbilie kuuza kadi na kalenda mwaka wa kwanza, ukianza kuuza utachora yanayonunuliwa.

Naomba unitumie michoro yako kumi nifuatishe kwanza, nipate mkono. — Msomaji, Tunduma

Hapana. Toa kitasa cha mlango wa chumba chako, mwambie mwenye nyumba kwanza. Kifungue chote juu ya gazeti. Chora kila kipande peke yake, kisha vyote vikiwa vimeachanishwa kwa mpangilio vinavyoingiana, kisha kirudishe mlangoni kwa kufuata mchoro wako peke yake. Kikifunga, nitumie huo mchoro.