Kabla Hujaandika "Dkt." Mbele ya Jina la Mtu

Wewe uliyeanza kazi masijala au umekalia meza ya katibu muhtasi hapa Dar, karibu. Mambo ya mafaili na dokezo utafundishwa wiki ya kwanza. Hili la majina ya watu watakuachia mpaka uharibu.

Mimi niliharibu mapema. Nilipeleka Kariakoo kadi 200 za mwaliko wa semina, mgeni rasmi nimemwandika "Dkt." na kumbe mzee alikwishakuwa profesa zamani. Kadi zikachapwa upya usiku uleule. Mkuu wangu hakunigombeza, alinipa namba ya simu tu, nimpigie mwenyewe nimwombe radhi. Shikamoo ile ilinitoka kwa shida.

Tangu hapo sikisii. Nampigia mhusika au katibu wake: "Samahani mzee, jina lako tuliandikeje kwenye kadi?" Sijapata kukutana na mtu aliyechukia swali hilo.

Sasa "Dkt." yenyewe. Barua ya Kiswahili inaandika "Dkt.", ya Kiingereza inaandika "Dr", usizichanganye kwenye ukurasa mmoja. Aliyesomea udaktari wa binadamu Muhimbili anaitwa daktari kwa shahada yake ya kwanza, ile ya miaka 5. Mwingine anaitwa hivyo kwa shahada ya uzamivu, yaani PhD, na huenda hajawahi kushika sindano. Wote ni "Dkt.", ila usiandike "Dkt. Fulani, PhD", maana hapo umemvika mtu kofia mbili. Chagua mbele au nyuma. Kwenye kadi na barua mimi huchagua mbele. Herufi za nyuma nawaachia makala za kitaaluma na kadi zao za biashara.

Ukifika kwa profesa, "Prof." inaimeza "Dkt." Profesa Mshiriki naye tunamwandika "Prof." Mhadhiri Mwandamizi mwenye uzamivu anabaki "Dkt.", hata kama wanafunzi wanamwita profesa kwenye korido. Na yule anayesema "namalizia PhD"? Huyo ni Bw. au Bi. mpaka atunukiwe, hata akiwa shemeji yako. Shahada ya uzamili haina cha kuweka mbele ya jina. Utakuta wengine wanaiita umahiri, basi fuata cheti chake kilivyoandikwa.

Penye hatari zaidi ni "Mhandisi". Mtaani kila fundi wa jenereta ni injinia na hakuna anayegomba. Kwenye maandishi ya ofisi jina hilo lina sheria yake ya mwaka 1997, na anayelitumia ni aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Shahada ya uhandisi peke yake haitoshi. Ndivyo ilivyo pia kwa wakili: mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria, mpaka apite Shule ya Sheria, akubaliwe na kuandikishwa kwenye orodha ya mawakili.

Udaktari wa heshima huwatatiza wengi. Nchi nyingi aliyetunukiwa hautangulizi kwenye jina lake. Kwetu unatangulizwa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtunuku Rais Samia Novemba 2022, na taarifa za Ikulu zinamwandika Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan. Wewe fuata ofisi ya mhusika inavyoandika. Nyerere alitunukiwa udaktari wa heshima na vyuo kadhaa, lakini jina lililomkaa ni Mwalimu, la kazi aliyoiacha Pugu mwaka 1955. Ukimwandika "Dkt. Nyerere" leo, msomaji atadhani unamzungumzia mtu mwingine.

"Mhe." inafuata wadhifa: waziri, mbunge, jaji, balozi, diwani. Inatangulia, kisha wadhifa, kisha elimu, kwa hiyo tunapata "Mhe. Balozi Dkt." Ukimwandalia bosi barua ya kusaini, usimwekee "Mhe." chini ya sahihi yake, hiyo watu humpa, hajipi mwenyewe. Wanawake waandike "Bi." bila kuuliza habari za ndoa, na mwenye udaktari wake usimpachike "Mama" kwenye bahasha. Mama ni ya mdomoni, mkisalimiana.

Orodha ikikamilika, mtolee MC nakala yake yenye maneno kamili: Mheshimiwa, Daktari, Mhandisi. Kuna mmoja nilimpa ileile yenye vifupisho, akafika kwenye "Mha.", akasita, akakivuta karibu kipaza sauti na kutamka "Mmha!" kama mtu aliyeguna. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka.