Mionzi kazini: maswali yenu

Swali: Pakiti ya bomba la sindano imeandikwa limetakaswa kwa mionzi. Je, mionzi hiyo haitaniingia mwilini?

Haikuingii. Nguo ukiianika juani haigeuki kuwa jua. Miale ya gamma hupenya maboksi yaliyokwisha fungwa, ikavunjavunja DNA ya vijidudu, ikapita. Raha yake ni kwamba pakiti haifunguliwi, na plastiki ambayo ingejikunja kwenye mvuke mkali hubaki salama. Miale hiyo mara nyingi hutoka kwenye vijiti vya kobalti-60, metali inayotoa mionzi. Visipofanya kazi huzamishwa kwenye bwawa refu la maji, na ukichungulia unayaona maji yanang'aa buluu. Cha kuogopwa ni vijiti, si bomba la sindano. Tena vijiti havina likizo: kila baada ya miaka 5.27 hivi nguvu yake hubaki nusu, kiwanda kisimame kisisimame.

Swali: Mafundi waliokuwa wakikagua bomba la gesi walizungusha utepe, wakatufukuza. Walikuwa wanaficha nini?

Hawafichi kitu, wanapiga picha. Fundi akiwa mbali huzungusha mpini, kebo ikasukuma kidonge cha iridiamu-192, metali nyingine ya mionzi, kutoka kwenye kasha zito hadi penye kiungo kilichochomelewa. Filamu imefungwa upande wa pili. Penye ufa au kitundu miale hupita kwa wingi, na hapo filamu huwa nyeusi zaidi. Kisha kidonge hurudishwa, na fundi hukaribia akiwa na kipimo cha mionzi mkononi. Asiyebeba kipimo simwamini, hata awe na uzoefu wa miaka 30. Kidonge kikichomoka kwenye kebo kinafanana na kipande chochote cha chuma, na wapo waliokiokota wakakitia mfukoni, kikawaunguza vibaya. Utepe ukiuona, ondoka.

Swali: Kuna king'ora cha moshi chenye amerisiamu-241. Nikitupe?

Kiache darini. Amerisiamu nayo ni metali ya mionzi, ila miale yake ya alfa huzuiwa hata na karatasi. Usikipasue tu.

Swali: Ni kweli mionzi iliwahi kumaliza mbung'o?

Kweli, Unguja, ingawa kwanza walipunguzwa kwa dawa na mitego. Kisha madume yaliyofugwa yakapigwa mionzi kiasi cha kuwa tasa, yakamwagwa kwa ndege kwa mamilioni. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani; akimpata dume tasa, hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa kisiwani humo mwaka 1996.