Ng'oeni hilo turubai kabla balozi hajaliona

Mkuu, nimesoma uzi wako mara mbili na mara zote nimeshika kichwa. "Tunaandaa msiba wa Ozzy, yule mwimbaji wa rock wa bendi ya Black Sabbath, hapa Kihesa, Iringa, tarehe 22 Julai, mwaka mmoja tangu afariki. Turubai tumeshalipia kianzio. Tunaomba ushauri wa spika, fulana, kibali, na tuanze na nyimbo zipi." Achana na spika. Achana na fulana. Hilo turubai ndilo litakalowamaliza.

Najua kwa sababu mjinga wa kwanza kufanya hivyo nyanda hizi za juu kusini ni mimi.

Mwaka jana habari ilitufikia usiku wa Jumanne. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Mbeya, na sidhani kama kuna aliyelala. Tarehe 5 Julai tulikuwa tumemwona kwenye simu, onyesho lake la kuaga pale uwanja wa Villa Park, Birmingham, jirani kabisa na mitaa ya Aston alikokulia, amekaa kwenye kiti cheusi kama mfalme mgonjwa. Miguu ilishagoma, sauti bado inabishana. Siku 17 baadaye hayupo, miaka 76. Mtu akikuaga vile halafu akaenda kweli, mikono inawasha, unataka ufanye kitu.

Cha kufanya akakileta mshereheshaji mmoja, rafiki wa rafiki, suruali ya kubana na maneno mengi. "Mkiita usiku wa rock watakuja wanane. Iteni msiba. Mtanzania hakosi msiba." Kwa hilo hakukosea, ndiyo maana mpaka leo sijamsamehe.

Jumamosi tukafunga maturubai mawili Isanga, mbele ya nyumba ya mwenzetu ambaye baba mwenye nyumba wake alikuwa safarini. Viti 100. Picha ya Ozzy kwenye fremu, mshumaa pembeni. Saa nne asubuhi kamba ya mwisho imekazwa. Saa tano wamama wawili wamepita uani, kanga zimefungwa kiunoni, mmoja ana sinia la maharage kichwani. Wakauliza mafiga yako wapi.

Hapo ndipo nilipoingia mkenge, kwa hiyo soma taratibu. Nilitakiwa kusema maneno machache tu: "Mama, huu si msiba, ni muziki." Nikamtazama mshereheshaji. Akanikonyeza: "Waache, ndiyo shangwe yenyewe." Nikanyamaza. Kunyamaza huko kulinigharimu 410,000, maana moto ukishawashwa uani huwezi kuwaambia watu warudi kwao na njaa. Nikatuma bodaboda Mwanjelwa: mchele kilo 30, nyama kilo 15, mafuta, nyanya, gunia la mkaa. Julai ya Mbeya unaijua, wazee walishaanza kuvuta viti kuzunguka jiko.

Saa saba balozi wa nyumba kumi huyo, na daftari lake kwapani.

"Marehemu anaitwa nani?"

Sasa Ozzy ni jina la utani. Jina lake halisi ni John Michael Osbourne. Nikiwa natetemeka nikasema, "John Michael…" na kabla sijafika kwenye Osbourne keshaandika. John Michael! Kila kitongoji kuanzia Uyole mpaka Kyela kina John Michael wake. Akauliza ni wa Tukuyu au wa wapi. Nikasema alifia Uingereza. Mwili? Uko huko huko.

Balozi akavua kofia. Akageuka kuwatangazia watu kwamba kijana wetu amefia Ulaya, na wote tunajua kusafirisha mwili kutoka Ulaya si mchezo, kwa hiyo wenye elfu mbili waongeze. Mshereheshaji alikuwa nyuma ya spika anacheka mpaka analia. Kufika saa kumi daftari lilikuwa na 187,500.

Tungekuwa na akili tungezima kila kitu. Mshereheshaji akabonyeza wimbo. Mwenye albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya 1970, anajua inavyoanza: mvua, radi, halafu kengele inalia kwa mbali. Watu wote wakasimama. Walidhani ibada inaanza. Mama mmoja akafumba macho. Halafu gitaa likaingia.

Sitaki kueleza dakika kumi zilizofuata. Niseme tu kwamba neno freemason lilitamkwa, fremu ilianguka, na mshereheshaji alikuwa wa kwanza kufika barabarani, na ada yake ameshachukua.

Rambirambi nilizirudisha mwenyewe, mstari kwa mstari, nimepiga magoti pembeni ya balozi kama mtoto anayesahihishiwa hesabu. Watatu walidai zaidi ya walichoandikisha. Nikawapa. Mzee mmoja tu ndiye aliyetutetea. Alisema zamani wanaume wa Kinyakyusa walicheza ngoma msibani na mikuki mkononi, kwa hiyo kelele hazimtishi, kinachomkera ni kudanganywa.

Na bibi aliyekuja na maharage alibaki. Akaiokota ile picha, akafuta kioo kwa ncha ya kanga, akauliza alikuwa anaumwa nini. Nikamwambia Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, alitangaza mwaka 2020, mpaka akawa anaimba amekaa. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akatikisa vidole taratibu. "Hivi?" Nikasema hivyo hivyo, bibi. Akasema mume wake alikwenda hivyo hivyo, kijiko hakifiki mdomoni. Akauliza kama kaacha watoto. Watano wa damu na mmoja wa kulea, na mke anaitwa Sharon. "Poleni," akasema, na hakuwa anatania. Kati ya watu wote wa siku ile, kumbe aliyemlilia Ozzy ni yeye. Mimi sikusikia hata wimbo mmoja mpaka mwisho.

Tarehe 30 nikaangalia msafara wake kwenye simu, peke yangu, nimejifunika blanketi. Birmingham maelfu wamejipanga Broad Street, bendi ya matarumbeta mbele ya gari, familia ikashuka pale kwenye daraja la Black Sabbath kutazama maua. Na gharama za msafara familia ndiyo iliyolipa. Sikiliza hapo: mwenye msiba ndiye anayelipa. Nyie Kihesa mkijiita wenye msiba, mtalipa.

Kwa hiyo neno msiba lisitoke mdomoni mwa mtu. Lisiandikwe kwenye tangazo, lisisemwe kwa utani, na turubai lisionekane barabarani. Ingieni ndani ya baa yenye kuta nne, iiteni jioni ya Ozzy, na balozi apewe taarifa na mtu mwenye adabu, si mshereheshaji. Mkija wanane, mtakuwa wanane mliokuja kwa ajili yake.

Uliuliza na kibali, na nini tena… fulana. Fulana ninazo, zimebaki 11, zote za mtu mnene, bei tutaelewana. Spika za Iringa sizijui.

Na kile kianzio cha turubai msikifuatilie. Mwenye turubai akiulizwa kwa nini mmeghairi, ataanza kuuliza nani amefariki.